Nasaga karanga tu: AfCFTA inanihusu, au ni ya wenye viwanda vikubwa?

Karanga_Tupu:

Heshima kwenu wakuu. Naomba kueleweshwa na watu wanaoshika makaratasi ya biashara ya nje kwa mikono yao. Hotuba nimeshazisikia za kutosha.

Nina kiwanda kidogo cha siagi ya karanga hapa Tanzania. Mashine ya kukaangia, ya kusagia, meza ya kuchambulia, vijana wachache na chupa za gramu 400. Ndani biashara inakwenda, ila madukani tumebanana, mteja anashika chupa yako na ya jirani anapima bei tu. Nikaanza kutafuta nje. Mpaka sasa kuna mtu Nairobi anataka mzigo mdogo wa majaribio, kuna dada Lusaka mwenye duka la vyakula, na kuna jamaa wa Accra tuliyekutana kwenye maonyesho. Huyu wa Accra ndiye mwenye hamu kuliko wote. Kila nikimtajia gharama ananijibu: leta tu, si wote tupo AfCFTA, ushuru haupo tena.

Nimejisomea kidogo. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ndiyo hiyo AfCFTA, ulisainiwa Kigali Machi 2018, ukapata nguvu ya kisheria Mei 2019, biashara ikatangazwa kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Bunge letu liliridhia Septemba 2021. Sekretarieti iko hukohuko Accra kwa jamaa yangu. Nchi 54 kati ya 55 za Umoja wa Afrika zimesaini, imebaki Eritrea. Kwa maandishi ni jambo kubwa hasa.

Kinachonichanganya ni hiki. Rafiki yangu anapeleka viungo Zambia, anasema tangu aanze hajamsikia ofisa yeyote pale Tunduma akiitamka AfCFTA. Aliulizwa karatasi nyingine kabisa. Mwingine anayevusha mchele kwenda Kenya kupitia Namanga anasema hivyohivyo. Sasa huu mkataba unatumika wapi? Huyu wa Accra ananidanganya, au naye hajui? Na mtu wa kiwango changu aanze na mlango upi kati ya hiyo mitatu?

Nawasilisha.

MamaForodha:

Mdogo wangu, karibu. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, ofisi yetu iko Namanga, kwa hiyo nitakujibu kwa makaratasi. Siasa watakuja wenyewe, wala hawachelewi.

Huyo wa Nairobi kwanza. Kwake sahau AfCFTA. Kenya unaingia kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC). Umoja wa Forodha ulianza 2005, na bidhaa yenye asili ya nchi mwanachama inavuka bila ushuru wa forodha. AfCFTA yenyewe imelikubali hilo. Ibara ya 19 inasema jumuiya za kikanda zilizokwisha kufunguliana milango kuliko mkataba unavyodai zinaendelea na utaratibu wao. Ndiyo maana huyo wa mchele hajaulizwa.

Wa Lusaka naye ana njia yake. Tanzania ilijitoa COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Zambia iko COMESA na iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo ninyi wawili mnakutana SADC, ambayo eneo lake huru la biashara lilianza 2008. Karatasi aliyoulizwa rafiki yako ni cheti cha uasili cha SADC, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, na bila shaka wakala wake alimpatia bila kumweleza ni cha nini. Upo pia ule mkataba wa utatu, COMESA na EAC na SADC kwa pamoja, uliosainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015 ukaja kupata nguvu Julai 2024. Miaka tisa! Kwenye meza yangu mimi bado hajaja mteja akauomba, basi nao uweke pembeni kwa sasa.

Accra ndipo AfCFTA inapokuhusu. Tanzania na Ghana hazina jumuiya nyingine inayowaunganisha kibiashara. Bila mkataba huu, siagi yako pale Tema, bandari ya Ghana, inahesabiwa kama imetoka Brazil, inalipa ushuru wa pamoja wa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, wenye ngazi tano: sifuri, 5, 10, 20 na 35 kwa mia. Sasa jamaa yako anaposema ushuru haupo tena, amesikia kengele hajui iko mnara upi. Mkataba haukufuta ushuru kwa mkupuo. Umegawa bidhaa makapu matatu. Asilimia 90 ya aina za bidhaa zinapunguziwa kidogo kidogo mpaka sifuri, kwa miaka 5, au 10 kwa nchi zilizo kundi la maendeleo duni zaidi. Asilimia 7 ni bidhaa nyeti, hizo zinapewa miaka 10 au 13. Asilimia 3 zimeachwa nje kabisa, kila nchi au jumuiya ikichagua zake. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja: siagi ya karanga kutoka Tanzania iko kapu gani kwenye orodha ya Ghana, na mwaka huu inalipa asilimia ngapi? Mpe namba ya HS, ile namba ya forodha ya aina ya bidhaa, ni 2008.11. Asikujibu kwa simu. Akutumie ukurasa wenye hiyo namba.

Kitu kimoja kizuri: Ghana na Tanzania zote zilikuwemo kwenye zile nchi nane za mwanzo zilizoanza kufanya biashara ya majaribio chini ya AfCFTA Oktoba 2022, pamoja na Kenya, Rwanda, Misri, Kameruni, Tunisia na Morisi. Kwa hiyo maofisa wa pande zote mbili wameshawahi kukutana na cheti hicho. Hutakuwa wa kwanza kukifungua mbele yao, na hilo lina thamani kuliko unavyofikiri.

Sasa nikwambie lililo moyoni mwangu. Katika faili lako zima, ushuru ndilo jambo dogo kuliko yote. Wewe unauza karanga, na karanga ina sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalipanga foleni huku kwetu, madereva wanalala chini ya tela, matajiri wao wanapiga simu kila nusu saa. Ushuru wa mahindi asubuhi ile ulikuwa sifuri, na jioni ulikuwa bado sifuri. Hakuna mkataba uliovunjwa kwenye kipengele cha ushuru. Siku chache baadaye wakaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Na hicho kipimo si cha Kenya peke yake, ndicho kiwango cha Afrika Mashariki, sisi wenyewe tulikikubali.

Niliangalia wanavyopima mzigo wa mteja wangu mmoja. Kijana kapanda juu ya lori na bambo, kachoma magunia yaliyo karibu na mkono wake, katoa punje kiganjani, katia kwenye mfuko. Ya katikati na ya chini hakuyafikia. Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Inakaa vifungu vifungu, gunia hili safi na la pili yake limeoza kwa sumu. Mzigo ukapita. Mwenzake nyuma yake, mahindi ya ghala lilelile, akafeli. Tulibaki tunatazamana.

Kwako wewe hii ina maana mbili. Kukaanga hakuondoi sumukuvu yote, kwa hiyo kazi yako halisi iko kwenye ile meza ya kuchambulia: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, itoke. Na pima kabla hujasaga, pima tena baada ya kujaza chupa, karatasi ya maabara iwe na namba ya toleo ileile iliyo kwenye lebo. Ofisa akiona namba mbili tofauti hana haja ya kukusikiliza.

La mwisho kwa sasa: ushuru sifuri si kodi sifuri. Kodi ya ongezeko la thamani mtu wa Nairobi atailipa pale anapoingiza, kwao ni asilimia 16. Lusaka nako ni 16. Watu wengi wanagombana na mimi kaunta kwa hili, wanadhani nimewala. Mwambie mnunuzi wako mapema ili asije akakushusha bei wewe.

Mzee_wa_Reli:

Mama ameeleza vizuri sana upande wa makaratasi. Mimi niseme lile ambalo vijana hawalipendi.

Haya mambo tumeyaona. Jumuiya ya kwanza iliundwa 1967, ikafa 1977. Tulikuwa na reli moja, bandari moja, posta moja, ndege moja. AfCFTA haina hata robo ya hayo. Na haikufa kwa sababu ya ushuru. Ilikufa kwa sababu viwanda vilirundikana Kenya, sisi na Waganda tukawa soko. Wakubwa waliliona tatizo mapema: mkataba wa 1967 uliruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu bidhaa za viwandani kutoka Kenya ili viwanda vyetu vipumue, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ikaagizwa igawe mikopo kwa kupendelea: asilimia 38.75 Tanzania, 38.75 Uganda, 22.5 Kenya. Hata kwa dawa hiyo mgonjwa hakupona. Siasa za Amin zikaongezea, Februari 1977 tukafunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka 1983.

Sasa chukua hali hiyo uizidishe bara zima. Nani ana viwanda? Afrika Kusini, Misri, Moroko, Nigeria kiasi, Kenya kiasi. Sisi tutapeleka siagi ya karanga chupa mia, wao wataleta meli. Nasikia safari hii kuna Mfuko wa Marekebisho, makao yake Kigali, wa kusaidia nchi zitakazoumia. Sawa. Mifuko ya aina hiyo tumeiona.

Na ahadi zenyewe jamani. Nigeria ilisaini Niamey Julai 2019 kwa shangwe, Agosti mwaka huohuo ikafunga mipaka yake ya nchi kavu mpaka Desemba 2020. Rwanda na Uganda, wote wanachama wa Jumuiya moja, mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 ukaja kufunguliwa Januari 2022. Ndugu yangu wa karanga, uza Dodoma, uza Mwanza, lala usingizi.

Soko_Huru254:

Niruhusuni niongee kutoka upande wa pili wa mpaka, maana naona Kenya inatajwa tajwa.

Mama, mahindi ya 2021 nakubaliana na wewe, ilifanywa vibaya. Barua ilitoka leo, malori yako njiani tangu jana. Lakini tusijifanye Tanzania ni malaika. 2017 mlichoma vifaranga zaidi ya 6,000 vya kutoka kwetu hapo hapo Namanga, na ng'ombe zaidi ya 1,000 wakapigwa mnada. 2018 pipi na chokoleti za Kenya zikaanza kutozwa asilimia 25 kuingia kwenu, wakati ni za Afrika Mashariki. Na Julai 2025 mkatoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara ndogondogo kama kutengeneza simu na saluni, wakati kuna Soko la Pamoja tangu 2010. Hapo Aprili 2025 pia mlizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi, ingawa mliondoa zuio baada ya siku chache.

Sisemi haya kugombana. Nasema kila serikali ina bidhaa yake inayoilinda, na ikitaka kuilinda haitagusa ushuru, itatumia afya, ama viwango, ama leseni. Mimi nauza vyakula vya pakiti, nanunua Uganda na Tanzania. Bei ya ushuru siijui hata kwa kichwa. Najua ni ofisi gani itanichelewesha.

@Karanga_Tupu, siagi ya njugu huku inaenda vizuri, watu wa mazoezi wanaipenda isiyo na sukari. Hakikisha tu lebo ina tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, siyo moja. Wengi kutoka kwenu wanaweka moja tu.

MamaForodha:

@Soko_Huru254 kaka, habari ya pipi nitaijibu kwa sababu ni mfano mzuri kuliko wote wa swali hili, na watu wanaudharau.

Tanzania na Uganda hazikusema pipi za Kenya ni mbaya. Zilisema si za Kenya vya kutosha. Hoja ilikuwa kwamba viwanda vya Kenya vinatumia sukari ya viwandani iliyoagizwa kutoka nje kwa msamaha wa ushuru, kwa hiyo pipi ikivuka bila ushuru, sukari ya nje nayo imevuka bila ushuru imejificha ndani yake. Kenya ikajibu kwamba kiwanda kimefanya kazi ya kutosha, bidhaa imegeuka. Pande zote mbili ziliitazama pipi ileile. Ndiyo maana nasema kwenye eneo huru la biashara mjadala wa ushuru huisha haraka, halafu unaanza mjadala wa asili: hiki kitu ni cha nani? Huo hauishi. Kwenye AfCFTA yenyewe, kanuni za asili za nguo na magari zilibaki mezani muda mrefu baada ya mengine yote kukubaliwa. Nguo ndizo zingeajiri watu wengi, na magari ndiyo yenye hela.

Na hapa ndipo mimi naiona faida halisi ya AfCFTA, tofauti na mzee wangu @Mzee_wa_Reli. Chukua karanga za Malawi. Ukizisagia Tanzania ukapeleka Nairobi, kwa macho ya EAC hizo ni malighafi ya nje, Malawi si mwanachama, utaulizwa umezigeuza kiasi gani. Ukipeleka Accra kwa AfCFTA, karanga ya Malawi inahesabika sawa na ya Dodoma, kwa sababu Malawi nayo imo kwenye mkataba na malighafi ya nchi mwanachama yeyote inajumlishwa kama yako. Maana yake kiwanda kinaweza kuchukua pamba Mali, kikasokota Ethiopia, kikashona Kenya, na bado kikaitwa cha Afrika. Hilo EAC haiwezi kutupa, wala SADC. Mzee, Jumuiya ya 1967 ilikuwa nchi tatu na kiwanda kikikaa Kenya kimekaa Kenya. Hapa mlolongo unaweza kugawana nchi. Nasema unaweza. Sijaona bado.

Kwa upande wa urasimu naungana nanyi wote. Benki ya Dunia ilitoa ripoti 2020, ikakadiria mkataba ukitekelezwa kikamilifu mapato ya Afrika yangeongezeka dola bilioni 450 ifikapo 2035. Watu wanaishia hapo kuinukuu. Ndani ya hizo, bilioni 292 zinatokana na kurahisisha taratibu na kupunguza urasimu wa mipakani. Sehemu kubwa ya faida iko kaunta kwangu, siyo kwenye jedwali la ushuru.

Na mzee, mpaka wenyewe umebadilika. Zamani gari lilikaguliwa upande huu, likavuka, likakaguliwa tena upande wa pili kana kwamba limetoka mwezini. Sasa Namanga, Holili, Rusumo, Mutukula, Tunduma, maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, gari linasimama mara moja. Si kila siku mfumo wa kompyuta unafanya kazi, na ukigoma hapo ndipo utajua jengo moja lina milango mingi. Lakini sirudi kule tulikotoka.

Karanga_Tupu:

Asanteni sana, mama umenifungua macho. Mzee, ushauri nimeusikia, ila Dodoma na Mwanza ndiko tulikobanana.

Sasa mmeniibulia jambo. Karanga zangu nyingine nanunua kwa wakulima ninaowajua, nyingine kwa wafanyabiashara wa sokoni wakati wa kiangazi. Hao wa sokoni sijui wanazitoa wapi. Inawezekana kabisa zingine zimevuka mpaka. Hapo cheti cha uasili napataje? Na ni lazima nipitie mchakato mkubwa hata kwa huyo wa Nairobi anayetaka katoni chache?

Halafu malipo. Wa Accra anataka kulipa kwa sedi. Nikamwambia mimi nina shilingi. Tukacheka wote halafu tukanyamaza.

MamaForodha:

Cheti kwa hapa kwetu utakipata TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Watakachotaka kuona ni bidhaa imetengenezwa na nini, na hivyo vitu vimetoka wapi. Kwa wakulima unaowajua ni rahisi: daftari la manunuzi, jina la kijiji, kilo, tarehe, saini. Kwa wale wa sokoni, kama hawawezi kukuonyesha chanzo, zitenge. Zile zenye chanzo weka upande wa kuuza nje, zisizo na chanzo zisage kwa ajili ya soko la ndani, na matoleo yasichanganywe. Usiandike "Tanzania tupu" kwa kubahatisha. Nchi inayopokea ina haki ya kuomba cheti kihakikiwe, hata baada ya mzigo kuliwa, na ikigundulika si kweli mnunuzi wako ndiye anadaiwa ushuru. Hatakupigia simu tena, na wenzake atawaambia.

Kwa katoni chache za Nairobi kuna njia nyepesi. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unatumia cheti cha asili kilichorahisishwa, kinatolewa hapohapo mpakani na ofisa wa forodha. Orodha hubandikwa ukutani, na kama haijabandikwa una haki ya kuiomba. Akina mama wengi wanaovusha bidhaa kwa toroli hawakijui, ndiyo maana wanamlipa kijana awapitishe njia za panya, gharama inazidi ambayo wangelipa kaunta. Kumbuka lakini, njia nyepesi ni ya forodha tu. Viwango na afya viko palepale. Nembo ya TBS, shirika letu la viwango, unayo? Kenya inatakiwa kuitambua kwa sheria ya viwango ya Jumuiya, na ikikaguliwa mara ya pili una mahali pa kulalamika. Kama huna, anza na barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo.

Malipo yana mfumo wake wa Afrika, PAPSS, ulizinduliwa Accra Januari 2022 chini ya Afreximbank, benki ya Afrika ya biashara ya nje: yeye analipa sedi, wewe unapokea shilingi, dola haiingii katikati. Ila benki zenu zote mbili lazima ziwe zimeunganishwa. Uliza yako kwanza, kwa maandishi. Kama bado, mtapitia dola kama watu wote na kila kituo kitakata chake, na hicho kiingize kwenye bei sasa hivi.

Mzee_wa_Reli:

Mama, hili la karanga za Malawi limenigusa, sikuwa nimelifikiria hivyo. Ila ninauliza: meli ya Dar kwenda Tema iko wapi? Kontena litazunguka mabandari ya watu, libadilishwe meli, ndipo lifike Afrika tena. Enzi zetu tuliunganisha reli kwanza ndipo tukazungumza soko.

MamaForodha:

Mzee hapo sina jibu, na ndiyo maana simshauri aanze na Accra.

Soko_Huru254:

Mimi nachukua katoni za majaribio pia, kama maabara iko sawa. Nitumie ujumbe wa faragha.

Karanga_Tupu:

Basi naanza na Nairobi kwa kile cheti chepesi, Lusaka ifuatie. Wa Accra nimemtumia ile namba 2008.11, amesema atamuuliza wakala wake, tangu jana kimya. Swali la mwisho mama: sampuli ya maabara nichukue vipi ili isije ikawa kama lile bambo?

MamaForodha:

Usichukue chupa moja ya mwanzo. Chukua kwenye mwanzo wa kujaza, katikati na mwisho, uchanganye, ndipo wagawe pale maabara. Siagi ni nafuu kuliko punje kwa hili, kwa sababu imeshasagwa na kuchanganyika. Karanga mbichi ndizo za kuangalia: toa kiasi kutoka kila gunia, juu na chini, usisikie uvivu, saga zote pamoja ndipo utoe sampuli. Piga simu maabara kwanza wakwambie wanataka uzito gani, na uwaombe jibu lionyeshe sumukuvu ya jumla na ile aina yake iitwayo B1 peke yake. Ya jumla mwisho 10, B1 mwisho 5. Wengi wanaleta ya jumla tu, halafu tunarudishwa.